Maana na matumizi ya neno 'conservancy': Kutoka Mto Thames hadi Oldonyiro

KATIKA wadi ya Oldonyiro, upande wa magharibi wa Kaunti ya Isiolo, wapo wafugaji wengi wasiozungumza Kiingereza ambao hata hivyo wanalijua vyema neno moja la lugha hiyo. Neno hilo ni 'conservancy', ambalo vinywani mwa wengi limekuwa konsavansi. Husikika barazani, katika soko la mifugo na redioni, na huandikwa katika mikataba ambayo wazee huombwa kuiwekea saini au alama ya kidole gumba.

Ugumu wa neno hili hauko katika kulitamka. Uko katika kujua linabeba nini. Kwa Kiswahili hutafsiriwa kwa kawaida kama hifadhi, na kwa mfugaji neno hifadhi lina kumbukumbu zake: ni mahali ambapo ng'ombe hukamatwa na mwenyewe kutozwa faini. Kutokana na tafsiri hiyo moja, watu wawili wanaweza kutoka katika mkutano mmoja, mmoja akiamini kwamba ardhi yake imelindwa na mwingine akiamini kwamba imechukuliwa.

Makala haya yanaeleza asili ya neno hilo, maana zake mbalimbali, jinsi sheria za Kenya zinavyolitumia, na tahadhari anazopaswa kuwa nazo anayelifasiri kwa Kiswahili.

UMBO NA MATAMSHI

'Conservancy' ni nomino. Wingi wake katika Kiingereza ni 'conservancies'. Katika lugha hiyo mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili, ilhali Mswahili anayesema konsavansi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama desturi ya Kiswahili inavyotaka. Likitumiwa kama neno la mkopo, huingia katika ngeli ya I-ZI: konsavansi hii imesajiliwa, konsavansi hizi zimesajiliwa.

Shina lake ni kitenzi cha Kilatini 'conservare', yaani kutunza kitu kisiharibike. Kutoka shina hilo Kiingereza kina ukoo mkubwa wa maneno: 'conserve' ni kutunza au kuhifadhi, 'conservation' ni uhifadhi, 'conservator' ni mhifadhi, na 'conservative' ni mhafidhina, mtu anayeshikilia mambo ya kale.

Inafaa kuangalia kwamba Kiswahili nacho kimepita njia iyo hiyo kupitia Kiarabu. Hifadhi, mhifadhi, mhafidhina na hafidhi, yaani mtu aliyeihifadhi Kurani moyoni, yote ni matawi ya mti mmoja. Kwa sababu hiyo, mtu aliyelichagua neno hifadhi kuwa tafsiri ya 'conservancy' hakukosea upande wa shina. Tatizo, kama itakavyoonekana, liko katika matumizi.

MSIMAMIZI WA MTO

Katika Kiingereza cha zamani, 'conservancy' halikuwa jina la ardhi. Lilikuwa jina la mamlaka, yaani chombo kilichopewa kazi ya kusimamia kitu kwa niaba ya umma. Mfano maarufu ni chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1857 nchini Uingereza kusimamia Mto Thames: usafiri wa vyombo, malango ya maji, uvuvi na usafi wa mto. Chombo hicho kiliitwa Thames Conservancy, na kilidumu hadi mwaka 1974 majukumu yake yalipohamishiwa kwa mamlaka mpya ya maji.

Maana hii ya kwanza ni muhimu kwa sababu inaonyesha kiini cha neno. Chombo hicho hakikumiliki kila shamba lililopakana na mto. Kilikuwa msimamizi tu. Swali la nani ni mmiliki na swali la nani ni msimamizi yalikuwa mambo mawili tofauti.

KWA MSEMAJI WA KIURDU

Neno hilo lilipovuka bahari hadi India wakati wa utawala wa Waingereza, lilipata kazi nyingine. Katika kambi za jeshi na miji, 'conservancy' likawa idara ya usafi: kufagia barabara, kuzoa taka na kuondoa vinyesi katika vyoo vya ndoo.

Maana hiyo ingali hai. Katika miji ya India na Pakistan, mfanyakazi wa 'conservancy' ni mfagizi au mzoaji taka, na halmashauri hutoza wakazi ada yenye jina hilo. Nchini Singapore pia, wakazi wa majumba yaliyojengwa na serikali hulipa kila mwezi ada ya huduma na 'conservancy', yaani gharama za kusafisha na kutunza majengo yao.

Kwa hiyo msemaji wa Kiurdu kutoka Karachi au Lahore, akiambiwa kwamba jamii fulani ya wafugaji nchini Kenya imeanzisha 'conservancy', huenda akadhani kwamba imeunda kikosi cha kuzoa taka. Ili kulieleza jambo lenyewe katika lugha yake, itamfaa zaidi neno 'hifazat', lenye maana ya ulinzi au utunzaji. Neno hilo limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililokipa Kiswahili hifadhi, hivi kwamba Mswahili na Mwurdu wanaweza kuelewana hapa bila kupitia Kiingereza.

Maana ya usafi haikuishia Bara Hindi. Sheria kadhaa za India zilitumika katika eneo lililokuja kuitwa Kenya tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na msamiati wa utawala ulisafiri pamoja nazo. Katika miji ya Afrika Mashariki chini ya ukoloni, 'conservancy' lilikuwa neno la kiofisi la kazi ya kuondoa kinyesi mijini, kazi iliyofanywa usiku na watu ambao hawakuheshimiwa inavyostahili. Mtu anayesoma nyaraka za halmashauri za wakati huo hana budi kulikumbuka jambo hili, asije akadhani kwamba wakuu wa mji walikuwa wakitenga fedha kwa ajili ya twiga.

KUTUNZA MAUMBILE

Katikati ya karne ya 20 neno liligeukia mimea na wanyama. Uingereza iliunda mwaka 1949 chombo cha serikali cha kutunza maumbile kilichoitwa Nature Conservancy. Miaka miwili baadaye, 1951, shirika lisilo la kiserikali lenye jina linalofanana na hilo lilianzishwa Marekani. Shirika hilo la Marekani baadaye lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa uhifadhi kaskazini mwa Kenya.

Kusini mwa Afrika, neno lilianza kumaanisha ardhi yenyewe. Namibia ilibadilisha sheria yake mwaka 1996 ili wakazi wa ardhi ya jamii waweze kuunda 'conservancies' na kunufaika na wanyamapori walio katika maeneo yao. Za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998.

Nchini Kenya, matumizi haya yalianza katika mashamba ya watu binafsi na katika ardhi za jamii karibu wakati mmoja. Lewa, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe na kisha sehemu yake ikawa makao ya vifaru tangu mwaka 1983, ilijiita 'conservancy' mwaka 1995. Mwaka huo huo ilianzishwa Namunyak, katika ardhi ya Wasamburu. Mwaka 2004 liliundwa shirika la Northern Rangelands Trust, maarufu kama NRT, kusaidia hifadhi za jamii za kaskazini. Leo Kenya ina zaidi ya 'conservancies' 160 za aina mbalimbali.

SHERIA INASEMAJE?

Hadi mwaka 2013, neno hili lilikuwa likitangulia sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1976 haikulitambua, na wenye kuanzisha maeneo hayo walilazimika kuyasajili kama kampuni, wakfu au vyama.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ndiyo iliyolipa neno maana ya kisheria. Kwa mujibu wa sheria hiyo, 'conservancy' ni ardhi iliyotengwa na mmiliki binafsi, kampuni, kundi la wamiliki au jamii kwa madhumuni ya kuhifadhi wanyamapori. Kifungu cha 39 kinampa haki ya kuianzisha mtu au jamii inayomiliki ardhi ambamo wanyamapori wanaishi.

Maneno mazito katika ufafanuzi huo ni 'iliyotengwa na mmiliki'. Si serikali inayotenga, wala si mfadhili. Anayetenga ni mwenye ardhi, naye habadilishi umiliki kwa kutenga. Hapa ndipo 'conservancy' inapotofautiana na maeneo mengine mawili ambayo Mkenya huyaita kwa jina lilo hilo la hifadhi.

La kwanza ni hifadhi ya taifa kama vile Meru, ambayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ambamo makazi na malisho ya mifugo hayaruhusiwi. La pili ni hifadhi zilizo chini ya usimamizi wa kaunti. Isiolo inazo Buffalo Springs, Shaba na Bisanadi. Katika maeneo yote hayo, mfugaji hana sauti ya mwenye mali. Katika 'conservancy' ya jamii, kisheria, anayo.

OLDONYIRO KATIKATI YA MAANA MBILI

Oldonyiro inapakana na Samburu na Laikipia. Wengi wa wakazi wake ni Wasamburu na Waturkana, na jina lenyewe ni la Kimaa, lugha ambamo 'ol doinyo' ni mlima. Mahali hapo panajulikana sana kwa soko lake la mifugo. Ndani ya wadi hiyo imo 'conservancy' ya jamii ya Nannapa.

Mfugaji wa eneo hili amelipata neno 'conservancy' kutoka pande mbili. Upande wa Laikipia ni jina la mashamba makubwa yenye hatimiliki, kama vile Ol Pejeta, ambayo zamani ilikuwa ranchi ya ng'ombe na sasa ina ua na malango. Nyumbani kwake ni jina la ardhi isiyo na ua, ambamo watu wanaishi, mbuzi wanachunga na tembo wanapita. Neno ni moja, lakini mtu anayelisikia hawezi kulaumiwa akiona ua mbele ya macho yake.

Historia ya ardhi nayo imeongeza utata. Kwa majirani wa Laikipia na Samburu, sheria ya mwaka 1968 iliwezesha koo na vijiji kusajili ranchi za pamoja, kila mwanachama akiwa katika orodha. Isiolo kwa sehemu kubwa haikupitia njia hiyo. Ardhi yake ilikuwa ya amana, ikishikiliwa na baraza la kaunti la wakati huo kwa niaba ya wakazi. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 63, ilitangaza kwamba ardhi ya jamii ni mali ya jamii zenyewe. Ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana tu, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaikataza kaunti kuiuza au kuigeuza kuwa ya watu binafsi.

Hivyo, pale ambapo usajili haujafanyika, linazuka swali gumu: ikiwa 'conservancy' hutengwa na mmiliki, nani anayesema kwa niaba ya mmiliki ambaye bado hajaandikwa?

Swali hilo si la darasani. Mwezi Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa hukumu katika kesi iliyowasilishwa mwaka 2021 na wakazi wa Isiolo. Iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ilihusu hifadhi hizo mbili wala haikuigusa Oldonyiro, lakini ilionyesha wazi kwamba kibao kilichoandikwa 'community conservancy' hakitoshi kuthibitisha kwamba jamii ndiyo iliyoamua.

Wanaoziunga mkono hifadhi za jamii hutaja ajira, karo za shule, walinzi wanaosaidia kufuatilia mifugo iliyoibwa na mapato ya utalii. Wanaozipinga hutaja malisho yaliyofungwa, walinzi wenye silaha na maamuzi yanayotoka mbali. Pande zote mbili hutumia neno moja, na mara nyingi kila upande huwa unazungumzia kitu kingine.

TATIZO LA TAFSIRI

Mfasiri anayekutana na 'conservancy' ana njia kadhaa, na kila moja ina mtego wake.

Hifadhi pekee ni neno fupi na zuri, lakini halitofautishi ardhi ya jamii na mbuga ya serikali. Nchini Tanzania, hifadhi ya taifa ndiyo jina rasmi la mbuga zisizokaliwa na watu. Jina Hifadhi ya Ngorongoro, nalo, kwa Wamaasai wengi haliwezi kutenganishwa na mpango wa kuwahamishia wakazi Msomera ulioanza mwaka 2022. Neno lenye historia kama hiyo halipaswi kutupwa barazani bila maelezo.

Hifadhi ya jamii ndiyo tafsiri inayopendwa na waandishi wa Kenya. Inaeleweka, ila Mtanzania anapoisoma hufikiria kwanza pensheni, kwa sababu Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ndio unaomlipa mfanyakazi anapostaafu. Kwa wasomaji wa nchi zote mbili, ni salama zaidi kuandika hifadhi ya wanyamapori ya jamii.

Konsavansi halichanganyiki na mbuga ya serikali wala pensheni. Udhaifu wake ni kwamba halimfundishi chochote asiyelijua. Linafaa pale ambapo tayari limeelezwa.

Lugha za wafugaji zina maneno ya karibu. Kimaa kina 'olokeri', sehemu ya malisho inayoachwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Waborana wa Isiolo wana 'dedha', eneo la malisho linaloongozwa na baraza la wazee wanaoamua ng'ombe waende wapi wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Waturkana wana 'ekwar', haki ya familia juu ya miti ya kando ya mto. Hakuna hata moja linalolingana kikamilifu na 'conservancy', kwa kuwa yote yanahusu mifugo na watu kabla ya kuhusu wanyamapori. Lakini yanathibitisha kwamba wazo la kuacha nyasi leo ili zifae kesho halikuletwa na Kiingereza. Mfasiri hodari ataanzia hapo, kisha aeleze ni kitu gani kipya kinachoongezwa: bodi, mfadhili, mtalii na mkataba.

MANENO YANAYOFUATANA NALO

'Conservancy' halitembei peke yake. Msomaji wa mkataba atakutana pia na haya:

'Core area' ni kiini cha hifadhi, mahali ambapo malisho na makazi hupigwa marufuku au kuwekewa masharti makali. Hapa ndipo neno linapomfikia ng'ombe. Mipaka ya kiini ni lazima ijulikane kwa majina ya mabonde na visima, si kwa ramani peke yake.

'Buffer zone' ni eneo linalokizunguka kiini, ambamo malisho huruhusiwa kwa majira.

'Management plan' ni mpango wa usimamizi. Sheria ya 2013 inautaka, na ndimo sheria ndogo za malisho hupatikana.

'Board' ni bodi ya hifadhi. Isichanganywe na kamati ya usimamizi wa ardhi ya jamii, ambayo kwa sheria ya 2016 ina wanachama kati ya 7 na 15 na huchaguliwa na mkutano wa jamii nzima.

'Carbon credits' ni hati za kaboni, zinazouzwa kwa hesabu ya gesi ambayo udongo na mimea vimeizuia isipande hewani. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka jamii ipate kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa aina hiyo ulio katika ardhi yake, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji.

KABLA YA KUTIA SAINI

Ikiwa kuna tofauti kati ya 'conservancy' iliyo mali ya watu na ile iliyo jina tu, tofauti hiyo huonekana kwa kuuliza maswali machache kwa lugha inayoeleweka na wote, wanawake na vijana wakiwemo.

Ardhi hii imesajiliwa kwa jina la nani? Baada ya hifadhi kuanzishwa, jina hilo litabadilika? Kiini chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Mwaka wa ukame, nani ana mamlaka ya kukifungua? Bodi huchaguliwa na nani, na huondolewa vipi? Walinzi huajiriwa na nani na huwajibika kwa nani? Fedha zikiingia, hesabu husomwa mbele ya nani? Na jamii ikitaka kujitoa, hufuata njia gani?

Mwekezaji anapohusika, sheria ya 2016 imeweka kipimo. Kifungu cha 36 kinasema mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii hauwi halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo na kuhudhuriwa na angalau theluthi mbili yao. Wazee wanne chini ya mgunga, hata wawe na heshima kiasi gani, hawafikishi hesabu hiyo.

Kwa muhtasari, 'conservancy' katika Kenya ya leo ni ardhi iliyotengwa na mwenyewe kwa ajili ya wanyamapori huku akibaki mwenyewe. Mkalimani anayelifikisha neno hili Oldonyiro, Kipsing au kwingineko akilitaja bila sehemu hiyo ya mwisho, atakuwa ametafsiri nusu.